Nani Alipwe Kwanza Katika Ubia wa Ghorofa

Kariakoo, katika mitaa ya Aggrey, Narung'ombe, Sikukuu na Kongo, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua wa nyuma imekuwa ya kutafuta. Zilizosalia zimebanwa na maghorofa pande zote, na wenye nazo wameshazoea kugongewa mlango. Mgeni anakuja na maneno mafupi: wewe una kiwanja, mimi nina mtaji, mkandarasi yupo, madalali wa kuzijaza fremu wapo, tupandishe ghorofa, tugawane. Mazungumzo yanaanzia kwenye asilimia na mara nyingi yanaishia hapo hapo. Nusu kwa nusu, au thelathini kwa sabini, kisha watu wanakwenda kwa mwanasheria, mihuri inagongwa, na nyumba ya zamani inabomolewa.

Ninachokitetea katika uchambuzi huu ni kwamba asilimia ndilo swali dogo. Swali kubwa ni la mpangilio: nani analipwa lini, kwa kazi gani iliyokwisha kweli, na nani anabaki ameishika hasara wakati wenzake wameshachukua chao na kuondoka. Ubia unaweza kuwa na mgawo wa haki kabisa kwenye karatasi na bado ukamfilisi mmoja wa wabia, kwa sababu tu foleni ya malipo ilipangwa vibaya.

Tazama kila mmoja anavyoingia na anavyotoka. Mwenye kiwanja anatoa mali yake siku ya kwanza na kulipwa siku ya mwisho. Siku nyumba inapobomolewa amekwisha kupoteza pango la wapangaji wake, huenda na mahali pake pa kulala, na mkononi amebaki na mkataba. Mkandarasi anatoa kazi na vifaa hatua kwa hatua, na analipwa hatua kwa hatua: msingi, nguzo, slabu ya kwanza, slabu ya pili, mpaka paa na umaliziaji. Fedha zikikauka, anaweza kuondoa mafundi na mashine zake ndani ya siku moja. Mwekezaji wa fedha taslimu yuko katikati. Anaweza kusitisha kuchangia, lakini alichokwisha kumwaga kwenye zege hakitoki tena. Muuzaji, awe dalali wa mtaani au timu yenye ofisi na sare, huingia karibu bila mtaji, na ndiye anayeomba kulipwa haraka kuliko wote, pale pale mteja anaposaini. Anayetoka mapema humwachia anayebaki hatari yake. Hilo ndilo la kulitazama kwanza kabla mtu hajataja asilimia yoyote.

Kwa nini ubia umeshika hivi Dar es Salaam? Sababu ya kwanza ni ardhi. Tanzania Bara ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 humpa mtu haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Viwanja vya katikati ya mji vimeshikwa zamani, vingi na familia zisizo na mtaji wa kupandisha hata ghorofa tatu, vingine na Shirika la Nyumba la Taifa. Shirika hilo, lililoundwa mwaka 1962, liliunganishwa mwaka 1990 na ofisi ya Msajili wa Majumba, iliyokuwa ikisimamia majengo yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971. Likajikuta na viwanja vya thamani kubwa na majengo yaliyochakaa, likaanza kuwaita wajenzi binafsi waingie nalo ubia. Novemba 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua sera mpya ya ubia ya shirika hilo. Sababu ya pili ni mikopo. Mikopo ya nyumba ilipata sheria yake mahsusi mwaka 2008, na TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za kutolea mikopo hiyo, ikaanzishwa mwaka 2010. Hata hivyo riba bado ni ya tarakimu mbili, na hakuna benki inayopenda kiwanja ambacho hati yake bado ina jina la babu aliyefariki.

Hapo ndipo penye jambo la kwanza la kumalizwa, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Viwanja vingi vya Kariakoo, Ilala na Magomeni ni mali ya urithi. Kaka mkubwa anasaini kwa niaba ya wote, dada zake wako Tanga na Muscat, mtoto mmoja wa marehemu hajafikisha miaka 18, na mirathi haijafunguliwa mahakamani. Muhtasari wa kikao cha familia ni kitu kizuri, lakini hauchukui nafasi ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kama nyumba ni ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa, kuwekwa rehani au kupangishwa. Mwekezaji anayemwaga zege kabla ya haya kukamilika anajenga juu ya kesi. Gharama za kufungua mirathi, kupima upya kiwanja na kukifanyia uthamini zihesabiwe kuwa gharama za kwanza za mradi, zilipwe na wote. Si aibu ya familia ya kufichwa.

Mifumo miwili ndiyo iliyozoeleka. Wa kwanza ni kujenga, kutumia na kurudisha. Mwekezaji anajenga kwa fedha zake, anakusanya pango kwa miaka kumi, kumi na miwili au kumi na mitano, kisha jengo linarudi kwa familia. Wa pili ni kugawana jengo lenyewe: ghorofa hizi zako, hizi zangu. Yote miwili inaonekana rahisi, na urahisi wake ndio unaoficha matatizo.

Katika mfumo wa kurudisha, miaka inaanza kuhesabiwa lini? Tangu kusaini, tangu kibali cha ujenzi, au tangu mpangaji wa kwanza kuingia? Ujenzi ukichelewa miaka mitatu, jibu la swali hili lina thamani kuliko asilimia yoyote. Jengo litarudi katika hali gani? Lifti ya mwaka wa kumi na mbili, pampu, paa, mifumo ya maji taka, vyote vina umri wake, na mwekezaji anayejua kwamba anaondoka hana sababu ya kuvitengeneza katika miaka yake miwili ya mwisho. Kisha kuna kilemba. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kwamba mpangaji mpya wa fremu nzuri hulipa kilemba kabla ya kuanza kulipa pango. Mwekezaji aliyebakiza mwaka mmoja anaweza kupokea kilemba cha wapangaji wapya na kuwapa mikataba ya miaka mitano. Familia inarudishiwa jengo lililojaa watu ambao fedha zao nzito zimeshachukuliwa na mwingine. Mkataba useme wazi: hakuna upangishaji unaovuka tarehe ya kurudisha bila saini ya mwenye kiwanja, na kilemba chochote kinachogusa miaka ya baada ya hapo kinawekwa kando kwa ajili yake. Na kuanzia mwaka wa kwanza wa mapato, sehemu ndogo ya pango iingizwe kwenye mfuko wa matengenezo ambao hauguswi na upande mmoja peke yake.

Familia nayo inaishi wapi wakati ujenzi unaendelea? Mwekezaji mzuri atalipa pango la mahali pengine na fidia ya mapato yaliyosimama. Malipo hayo yaitwe jina lake kwenye mkataba. Yakiwa ni gharama ya mradi, wote wanayabeba. Yakiwa ni mkopo kwa familia, yatakatwa kwenye mgawo wao. Nyumba nyingi zimeingia kwenye ugomvi kwa sababu upande mmoja ulidhani ni ukarimu na mwingine ulikuwa unaandika daftari.

Mfumo wa kugawana ghorofa una tatizo la ndani zaidi. Ghorofa hazilingani. Fremu ya chini inayotazama barabara inaweza kuingiza pango ambalo sakafu nzima ya juu haiwezi kulifikia. Familia ikipewa ghorofa ya tano hadi ya nane, na mwekezaji akachukua ya chini mpaka ya nne, kwenye karatasi wamegawana sawa, lakini kwenye mapato hawajakaribiana hata kidogo. Hata sakafu moja haina usawa: fremu za mbele, za kona na za nyuma ni biashara tatu tofauti. Kinga ni mojawapo ya mambo mawili. Ama mapato yote yaingie chungu kimoja na kugawanywa kwa asilimia, ama mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini ya 2016 apewe michoro kabla ya ujenzi, akadirie kila sehemu, na mgawo ufanywe kwa thamani. Mimi napendelea chungu kimoja. Kinawafanya wote watake jengo zima lijae, na kinaondoa ile hali ya kila upande kuwa na madalali wake wanaonyang'anyana wateja mlangoni.

Kugawana kwa ghorofa kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo, na hii inahusu uhai wa watu. Mafungu yakihesabiwa kwa sakafu, kila upande unatamani sakafu moja zaidi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Ulikuwa ubia wa Shirika la Nyumba la Taifa na mwendelezaji binafsi, na kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo, ikiwa tayari na maduka na watu ndani, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kila ajali ina sababu zake za kihandisi. Lakini mkataba wa ubia unaweza kuongeza au kupunguza tamaa ya kuvuka kibali. Kiandikwe kifungu kinachosema sakafu yoyote nje ya kibali haina mgawo kwa yeyote, gharama yake ni ya aliyeiamuru, na mbia mwingine ana haki ya kusimamisha kazi na kutoa taarifa kwa manispaa bila kuhesabiwa amevunja ubia. Mhandisi wa kusimamia awe mtu ambaye hana hisa katika mradi.

Hilo linatufikisha kwa mjenzi. Tanzania mkandarasi lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyo chini ya sheria ya 1997, na wa majengo hupangwa kuanzia daraja la kwanza mpaka la saba, na kila daraja chini ya la kwanza lina ukomo wa thamani ya kazi. Kukagua daraja lake ni kazi ya nusu saa na wengi hawaifanyi. Swali gumu ni hili: mjenzi awe mbia, au aajiriwe tu?

Mjenzi akiwa mbia, ana uchungu na mradi. Anaweza kukubali sehemu ya malipo yake ibaki ndani kama mtaji, na hiyo inapunguza fedha taslimu za kutafuta. Lakini sasa amekaa pande mbili za meza. Akiwa mkandarasi, gharama ikipanda anapata zaidi. Akiwa mbia, gharama ikipanda anapata kidogo. Kama fungu lake la faida ni asilimia 12 na ndani ya bei ya ujenzi ana nafasi ya kuongeza anachotaka, hesabu itamvuta kwenye bei ya ujenzi kila mara. Simaanishi kwamba wajenzi si waaminifu. Namaanisha kwamba mkataba usimweke mtu mwaminifu mahali ambapo uaminifu wake unamtia hasara.

Njia ya kutibu ni kutenganisha kofia zake. Kazi ya ujenzi iwe na mkataba wake peke yake, wenye mchanganuo wa kazi na gharama ulioandaliwa na mkadiriaji majenzi anayelipwa na mradi. Bei iwe ya mkupuo, au iwe gharama halisi pamoja na ujira uliokubaliwa na dari ambayo haivukwi. Ankara za nondo, saruji na mbao ziwe wazi kwa wabia wote. Malipo yatoke kwa hati ya malipo iliyosainiwa na mkadiriaji baada ya kupima kazi, kamwe yasitoke kwa simu ya usiku kwamba vijana wanadai. Asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo izuiwe, nusu itolewe jengo likikabidhiwa na nusu baada ya kipindi cha uangalizi, miezi sita au kumi na miwili, pale nyufa na mabomba yatakapokuwa yamesema ukweli wao. Dhamana ya utekelezaji kutoka benki, mara nyingi asilimia 10 ya bei, ni ghali kwa mkandarasi mdogo, lakini mradi usio nayo ujue kwamba mwenye kiwanja ndiye dhamana.

Tuchukue hesabu ya mfano, si ya mradi wowote. Kiwanja kimethaminiwa shilingi milioni 900. Ujenzi ni milioni 2,100. Ushauri na vibali ni milioni 150. Mauzo yanatarajiwa kuwa milioni 4,000, na wauzaji wanapata asilimia 5, yaani milioni 200. Gharama zote ni milioni 3,350 na faida ni milioni 650. Mwenye kiwanja ameingiza milioni 900, wawekezaji wameleta taslimu milioni 1,200, na mjenzi ameacha ndani milioni 300 ya malipo yake. Mtaji wote ni milioni 2,400. Fedha za ujenzi na vibali zilizopungua, milioni 750, zinatoka kwenye malipo ya awali ya wanunuzi. Faida ikigawanywa kwa mtaji, wawekezaji wanapata milioni 325, mwenye kiwanja karibu milioni 244, mjenzi karibu milioni 81. Kila mtu anatabasamu.

Sasa gharama ya ujenzi ipande kwa asilimia 15, jambo ambalo halimshangazi yeyote aliyewahi kujenga, na mauzo yashuke kwa asilimia 10. Ujenzi unakuwa milioni 2,415. Mauzo yanakuwa milioni 3,600 na kamisheni milioni 180. Jumla ya gharama ni milioni 3,645. Faida ya milioni 650 imegeuka hasara ya milioni 45, na hakuna aliyeiba hata senti. Mbaya zaidi, soma foleni. Mjenzi amekwisha kulipwa nyongeza yake kwenye hati za malipo. Wauzaji wamelipwa wakati wa kusaini, na baadhi ya waliosaini wameshajitoa. Wanaobaki kusubiri ni mwenye kiwanja na wawekezaji, na kama mkataba haukusema nani anatangulia kati yao, hapo ndipo kesi inapozaliwa.

Foleni ninayoipendekeza ni hii. Kodi za serikali na marejesho ya benki vinatangulia. Zinafuata hati za malipo za mjenzi, kwa bei iliyokubaliwa tu. Nyongeza yoyote isiyotokana na mabadiliko ya michoro yaliyosainiwa na wabia isubiri nyuma pamoja na faida yake. Kisha kamisheni, kwa fedha zilizoingia benki. Kisha mtaji urudi: fedha taslimu na kiwanja kwa uwiano mmoja, na ile milioni 300 ya mjenzi baada yao, kwa sababu yeye amekwisha kupata ujira ndani ya bei ya kazi. Mwisho kabisa, faida. Mtu anaweza kubishana nami kuhusu nafasi ya mjenzi, na katika mradi ambao bei yake imebanwa sana ningekubali asogezwe mbele. La msingi ni kwamba foleni iandikwe kabla ya nondo ya kwanza kuingia ardhini.

Watu wa pwani wana msamiati wa zamani wa jambo hili. Katika mudharaba, mmoja anatoa mtaji na mwingine kazi. Faida inagawanywa kwa uwiano waliokubaliana, lakini hasara ya fedha ni ya mwenye mtaji, na mwenye kazi amepoteza jasho lake, isipokuwa akiwa amezembea au amevunja masharti. Katika musharaka wote wanaweka mtaji, na hasara inafuata kiasi cha mtaji wa kila mmoja. Faida inaweza kupatanwa. Hasara haipatanwi, inafuata mtaji. Mikataba mingi ya ghorofa ninayoifahamu ina kurasa za faida na haina hata sentensi moja ya hasara.

Nimeacha wauzaji mpaka sasa kwa makusudi, kwa kuwa wao hudharauliwa mwanzoni na kulaumiwa mwishoni. Muuzaji mzuri aitwe wakati michoro bado iko mezani. Yeye ndiye anayejua kwamba wafanyabiashara wa mtaa fulani wanataka fremu ndogo nyingi na stoo juu, kwamba ghorofa za makazi bila maegesho zitakaa mwaka mzima, kwamba ngazi iliyowekwa mahali pabaya huua biashara ya sakafu ya kwanza. Ushauri huo ulipwe ada ndogo, hata kama hajauza kitu.

Kwenye mauzo yenyewe, kosa kubwa ni kamisheni moja kwa jengo lote. Fremu za chini zinajiuza. Mteja anazitafuta mwenyewe. Kumlipa muuzaji asilimia ile ile kwa fremu ya mbele na kwa chumba cha ghorofa ya saba ni kumwambia auze rahisi kwanza na kutoweka. Kiwango kiwe kidogo chini na kikubwa juu, na bonasi iwe ya jengo lililojaa. Kamisheni itoke kwa awamu zinazofuata fedha za mteja: mteja akilipa theluthi, muuzaji naye apate theluthi yake; mteja akijitoa, kilichotangulizwa kikatwe kwenye malipo yanayofuata. Jina la mteja liandikishwe kwenye daftari la mradi siku ya kwanza kuletwa, na liwe la muuzaji huyo kwa siku zilizokubaliwa, ili madalali watatu wasije kudai mtu mmoja.

Na cha juu kipigwe marufuku. Dalali kuambiwa bei ya mwenye mali, kisha kumtajia mnunuzi bei nyingine na kubaki na tofauti, ni mazoea ya mji mzima, lakini sheria ya mikataba inampa aliyemtuma wakala haki ya kudai faida ambayo wakala ameipata kwa siri. Orodha ya bei ibandikwe wazi. Hakuna fedha taslimu mkononi mwa muuzaji. Kila senti iende akaunti ya mradi. Ahadi za muuzaji nazo zina uzito: akisema kutakuwa na jenereta na lifti mbili, mnunuzi atamdai mradi, hatamdai yeye. Karatasi moja ya ahadi zilizoruhusiwa, iliyosainiwa na wabia, huzuia maumivu mengi.

Chombo cha kisheria nacho si suala la urembo. Wabia wakikaa kimya, wanaweza kuhesabiwa kuwa ushirika wa kawaida chini ya Sheria ya Mikataba, ambapo kila mmoja anaweza kuwafunga wenzake kwa deni la biashara, na pasipo makubaliano mengine faida na hasara hugawanywa sawa. Kwa mjane aliyeingiza kiwanja, hiyo ni hatari mbaya: deni la nondo alilokopa mbia mwingine linaweza kumfuata. Kampuni ya mradi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002 hukata mnyororo huo. Lakini kuhamishia kiwanja kwenye kampuni ni uhamisho kama mwingine: kuna uthamini, ushuru wa stempu, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Njia ya kati ni kiwanja kubaki kwa mwenyewe, kampuni ikapewa upangaji wa muda mrefu uliosajiliwa, na hatua za uhamisho zikafuata hatua za ujenzi. Hati ya uwakili isiyo na ukomo, anayopewa mwekezaji siku ya kwanza ili arahisishe mambo, isisainiwe kamwe.

Mjenzi au mwekezaji akiwa mgeni, kuna mtego mwingine. Kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia huhesabiwa si raia kwa ajili ya ardhi, na haiwezi kumiliki ila kwa uwekezaji unaopitia taratibu za serikali. Asilimia 51 iliyotolewa kwa kutojua inaweza kubatilisha umiliki wote. Na wale wanaochangishana kwenye makundi ya simu, Dar, Dubai au Minneapolis, wajue kwamba kampuni binafsi ina ukomo wa wanahisa 50, na kuualika umma kuwekeza bila idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ni kosa.

Anayesahaulika katika meza hii yote ni mnunuzi wa ramani, yule anayelipia nyumba ambayo bado ni mchoro. Katika mfano wetu milioni 750 zilitoka kwake, zaidi ya mara mbili ya alichoacha mjenzi, na bado hakuitwa mbia. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, inayomwezesha kupata hati ya sehemu yake na haki katika ngazi, paa na ua wa pamoja. Kenya ina sheria yake mpya ya 2020, na sheria yake ya 1984 inawataka mawakala wa nyumba wasajiliwe na bodi yao. Hati, hata hivyo, huja baada ya jengo. Kinachomlinda kabla ya hapo ni akaunti ya amana. Dubai, ambako Waswahili wengi hununua nyumba, sheria Na. 8 ya 2007 inalazimisha malipo ya wanunuzi wa ramani yaingie kwenye akaunti maalumu ya mradi, na asilimia 5 hubakizwa mwaka mmoja baada ya kukamilika. India, kwa sheria ya 2016, asilimia 70 ya fedha za wanunuzi hukaa kwenye akaunti ya peke yake, na hazitoki mpaka mhandisi, msanifu na mhasibu wathibitishe kazi iliyofanyika.

Wabia hawahitaji kungoja Bunge ili wafanye hivyo. Benki yoyote inaweza kufungua akaunti yenye saini tatu, ya mwenye kiwanja, ya mwekezaji na ya mkadiriaji. Mkataba unaweza kuitaja akaunti hiyo, na risiti ya mnunuzi inaweza kubeba namba yake. Migogoro inaweza kupelekwa kwa msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020 badala ya kuachia jengo lisimame kwenye nguzo miaka minane likisubiri hukumu.

Lakini mnunuzi mmoja mmoja hana nguvu ya kumlazimisha mwendelezaji asiyetaka. Kwa hiyo ombi langu ni kwa Wizara ya Ardhi na kwa wabunge: leteni sheria inayowasajili madalali na waendelezaji, na inayolazimisha fedha za wanunuzi wa ramani zikae kwenye akaunti ya amana mpaka kazi ipimwe. Na kwako wewe uliyegongewa mlango wiki hii na mtu mwenye mchoro mzuri wa rangi: usisaini chochote mpaka akuonyeshe ukurasa wa hasara.